Somo Langu na Somo Yangu

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachowaponza wanachuo wenye nia njema, nacho ni kusomesha. Mtu akisema, "Mjomba ndiye aliyenisomesha," hakuna anayedhani mjomba alishika chaki. Tunaelewa papo hapo kwamba mjomba aliuza ng'ombe au alikopa mahali, ada ikalipwa. Mwalimu naye husomesha, hasa kwa wasemaji wa Unguja na Mombasa, ambao wakisema fulani anasomesha skuli wana maana ya kazi ya ualimu tu. Basi mwanachuo akibisha hodi Jumamosi asubuhi, akamwamkia mama mwenye nyumba, akasema kwamba yeye na wenzake wamejitolea kuwasomesha watoto wa mtaa ule, mama ana haki ya kufurahi kupita kiasi. Atamwita mtoto, na nyuma ya mtoto itakuja karatasi ya michango ya shule.

"Hapana mama, hatulipi. Tutakuwa tunakaa naye."

"Mnakaa naye mkifanya nini?"

Swali la mama ni zuri kuliko jibu atakalopewa. Jibu huwa, "Sisi ni kama mamenta."

Kazi yenyewe haina utata, tatizo ni jina. Kijana wa miaka ishirini na ushei, yuko mwaka wa pili au wa tatu chuoni, anakwenda shule ya msingi au sekondari iliyo karibu na kukaa na mtoto mmoja au kikundi kidogo. Humsaidia hesabu na Kiingereza. Humweleza tofauti ya kombi za kidato cha tano, zile ambazo wizara inaziita tahasusi, na kwa nini anayetaka uhandisi asikimbie fizikia. Humjibu maswali ambayo mtoto hathubutu kumuuliza mwalimu wa zamu: je, chuoni mnapikiwa? Bumu la mkopo ni kiasi gani? Mtu akifeli mara moja, ndiyo basi? Na mara nyingi hawafundishani chochote, wanakaa tu chini ya mwembe na mtoto anaeleza habari za nyumbani kwao. Mwanachuo huyo hupewa shikamoo, na katika wiki za mwanzo hashindwi hesabu bali hushindwa kusema marahaba, maana hajazoea kuwa mkubwa wa mtu.

Huyu ndiye tunayemtafutia jina.

Nianze na menta, kwa kuwa ndilo lililochapwa kwenye fulana. Asili yake inachekesha kidogo. Katika utenzi wa Homer juu ya safari za Odysseus, Mentor ni mzee aliyeachiwa nyumba wakati mwenyewe amekwenda vitani. Odysseus aliporudi baada ya miaka 20 alikuta nyumba imejaa wanaume wanaomposa mkewe na kuchinja mifugo yake watakavyo, na mzee hakuwa amewaweza. Maneno ya hekima yaliyomtia moyo kijana Telemachus, mwana wa Odysseus, yalitoka, kwa sehemu kubwa, kwa mungu wa kike Athena, ambaye alijivika sura ya yule mzee. Mentor mwenyewe alitoa uso tu. Jina lilikaa humo karne nyingi hadi 1699, wakati Fénelon, padri Mfaransa aliyekuwa amemfunza mjukuu wa mfalme Louis XIV, alipochapishiwa riwaya juu ya safari za Telemachus. Humo Mentor anahutubia, anaonya, anakemea, hanyamazi. Ni baada ya kitabu hicho neno likazoeleka Ulaya kama jina la mtu yeyote anayemwongoza kijana. Likaingia Kiingereza, na kutoka Kiingereza likatufikia sisi.

Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Shule tumeitoa kwa Wajerumani, skuli kwa Waingereza, kalamu na daftari zimetoka upande wa Uarabuni, na hakuna anayeona haya kuyatumia. Lakini neno baiskeli liliingia nchini pamoja na baiskeli yenyewe. Mtu aliona chombo, akauliza jina, akalitamka. Menta limekuja kwa kitu ambacho tulikuwa nacho, na kwa yule mama mlangoni halibebi chochote. Halimwambii kijana atakaa siku ngapi, ana wajibu gani, wala akikosea aulizwe nani.

Wafasiri wengi hukimbilia mshauri. Ni neno la heshima, ila heshima yake ni ya kukaa. Mshauri yuko mahali pake, na mwenye jambo ndiye anayeondoka nyumbani kumwendea. Katika vyuo vikuu vya Tanzania Mshauri wa Wanafunzi ni ofisi yenye foleni na mhuri. Katika miradi ya barabara na majengo kuna mshauri mwelekezi, ambaye hulipwa vizuri kuliko wote wanaochimba mtaro. Mwanachuo wetu hana ofisi wala mkataba, na mtoto wa darasa la sita hana jambo la kuombea shauri. Mara nyingi hajui bado kwamba ana jambo.

Mnasihi angefaa zaidi, kwa kuwa nasaha ina upole kuliko shauri. Bahati mbaya neno hili limepitia hospitali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo vya kupima virusi vya UKIMWI vilipoenea, ushauri nasaha ukaandikwa kwenye vibao vya zahanati na kutangazwa redioni hadi ukawa karibu jina la kipimo chenyewe. Siku hizi shule zina walimu wa ushauri na unasihi, na neno linapona taratibu. Hata hivyo mtoto akiambiwa na wenzake kwamba ana mnasihi, wataanza kuuliza amepatwa na nini.

Mwelimishaji rika nalo ni zao la wakati huohuo na halitufai kwa sababu ya wazi zaidi. Rika ni watu waliokua pamoja, waliotahiriwa pamoja, wanaoweza kutaniana bila kuulizana umri. Wa miaka 21 na wa miaka 12 si rika. Utamu wa uhusiano wao umo katika ile miaka tisa inayowatenganisha: si mingi kiasi cha mtoto kuona anazungumza na mzazi, wala si michache kiasi cha kuona anazungumza na mwenzake wa kucheza naye kombolela.

Mlezi, hapa nataka kutua.

Kulea ni kitenzi cha zamani, na ndugu zake wamejaa katika lugha za Kibantu za ukanda huu. Rwanda imekipandisha cheo kuliko sisi. Kule kurera ndiko kulea, umurezi ni mwalimu, na wizara ya elimu ni wizara ya uburezi, yaani ya ulezi. Mswahili wa Kigali anayesoma bango la wizara hiyo hana haja ya kuelezwa kwamba elimu na malezi ni kitu kimoja. Sisi tuliokwenda Uarabuni kuchukua neno elimu tulikuacha kulea kubaki nyumbani, na shuleni kukarudi kwa mlango wa fomu: jina la mzazi au mlezi. Hapo mlezi ana uzito wa sheria. Ndiye anayeitwa mtoto akivunja dirisha. Mwanachuo anayekuja mara moja kwa wiki hawezi kujiita hivyo bila kumnyang'anya bibi au shangazi cheo chake, na katika nyumba nyingi ni bibi na shangazi hasa wanaolea.

Kuna mlezi mwingine, wa vyama na klabu: mtu mkubwa anayealikwa siku ya harambee, akaketi mbele, akatoa hundi, akaondoka kabla ya ngonjera. Huyo naye siye. Kisha likija suala la kuipa shughuli yenyewe jina tutakwama vibaya zaidi, maana ulezi kwa watu wengi ni nafaka. Tangazo la "mradi wa ulezi shuleni" litawaleta akina mama na vikombe wakidhani watoto watanywa uji. Nisingelaumu mtu. Mkono mmoja haulei mwana, wanasema, na pengine methali hiyo inatosha kuhalalisha mkono wa mwanachuo katika kazi hii, ila haimpi jina.

Na kabla ya kumtafutia jina lake, tulitazame lile la kitendo: kujitolea. Ajabu ni kwamba anayejitolea hana jina lililokaa vizuri mdomoni. Mjitoleaji linaandikwa, lakini nani analitamka sokoni? Tunasema mtu wa kujitolea, mwalimu wa kujitolea, kana kwamba lugha inakubali kitendo na kusitasita kukigeuza kuwa cheo.

Kitendo chenyewe kimefinyangwa kwa ustadi. Kutoa, kujitoa, kujitolea. Aliyejitoa chamani ameondoka. Aliyejitoa mhanga amekwenda bila kurudi. Aliyejitolea ameingia, amejitoa kwa ajili ya kitu au mtu. Silabi moja ya kutendea ndiyo inayomtenga anayekuja na anayeondoka, na yeyote aliyewahi kusimamia vikundi vya wanachuo anajua jinsi silabi hiyo inavyodondoka kirahisi. Novemba wamejitolea arobaini. Mitihani ya muhula ikikaribia wamejitoa thelathini, na watoto wamekaa chini ya mwembe wakitazama lango.

Neno hili lina historia ya mapambano pia. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963, linatofautisha hadi leo vijana wa kujitolea na vijana wa mujibu wa sheria, na tofauti hiyo ina damu ya kisiasa ndani yake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanachuo wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwapeleka wasomi jeshini kwa miaka miwili, ambapo muda mwingi wangefanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Rais Nyerere aliwafukuza karibu 400, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, kisha Elimu ya Kujitegemea. Wanaosimulia kisa hiki hubishana nani alikuwa na haki. Mimi hukiona kama ugomvi wa tafsiri: serikali ilisema mnaidai nchi, au nchi inawadai ninyi? Wanachuo walisikia wanadaiwa, na mtu anayedaiwa halipi kwa kujitolea, hulipa tu. Kikubwa ni kwamba hakuna upande uliofikiria kuwaita wale vijana waende kwa mtoto mmoja mmoja. Taifa lilikuwa kubwa, na mtoto alikuwa mdogo mno kuonekana kutoka huko juu.

Siku hizi kujitolea kuna maana ya tatu, ya mtaani, ambayo kamusi zinaikawilia. Mhitimu asiye na ajira akiambiwa "kajitolee kwanza," maana yake afanye kazi bure akisubiri nafasi. Walimu wengi wa kujitolea katika shule zenye upungufu wa walimu ni wa aina hiyo, na posho yao hutoka kwenye michango ya wazazi ikipatikana. Ndiyo sababu mzazi akiliona neno hilo kwenye barua ya wanachuo hukisia kuna mchango unanyemelea. Neno limechoka, masikini, kwa kubebeshwa uhaba wa ajira.

Israel walilikwepa tatizo hili kwa ujanja. Mwaka 1974 wanachuo wachache wa Taasisi ya Weizmann, mjini Rehovot, walianza kukaa na watoto wa familia zenye dhiki. Mradi ulikua ukawa wa nchi nzima. Mwanachuo hutoa saa nne kwa wiki, naye hupunguziwa ada ya chuo. Hajitolei bure wala haajiriwi. Yuko katikati, na hakuna anayejifanya haoni. Jina la mradi ni Perach, ufupisho wa maneno mawili ya Kiebrania ambao ukiusoma kama neno moja unapata ua. Mwanachuo huitwa kwa neno la mzizi uleule unaozaa neno lao la elimu, na wataalamu wengi wa lugha za Kisemiti huuhusisha mzizi huo na kaakaa la kinywa. Msomaji aliyekulia pwani ameshashtuka. Hanaki, neno la mzizi huohuo, kwa Kiarabu ni kaakaa au taya, na tahniki ni ile desturi ya kumpaka mtoto mchanga kaakaani tende iliyotafunwa na mtu mzima mwema, iwe ndiyo ladha yake ya kwanza ya dunia. Kumbe nyuma ya neno la ofisi kuna mzee na tende. Wasweden nao waliuiga mfumo huo mjini Malmö mwaka 1997, wakauita kwa jina la ndege mwimbaji wa usiku, na miji mingine ya Ulaya ikafuata.

Je, sisi hatuna tende yetu? Tunazo mbili.

Ya kwanza iko katika neno chuo. Kabla chuo hakijawa majengo, kilikuwa kitabu. Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ya 1728 ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili tuliyo nayo, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali. Kisha chuo kikawa mahali pa kusomea kitabu, barazani kwa mwalimu, ambako watoto walikariri alifu, bee, tee. Hadi leo pwani mama akisema mtoto yuko chuoni, huenda mtoto ana miaka sita. Walipokuja waliotaka jina la taasisi ya juu kabisa ya elimu, hawakwenda mbali, waliongeza "kikuu" tu. Kuhitimu nako ni kwa hukohuko, kwani aliyehitimu ni yule aliyemaliza kuisoma Kurani, akafanyiwa karamu. Mhitimu wa leo mwenye joho amevaa neno la mtoto wa madrasa.

Sasa, katika chuo kile kidogo mwalimu alikuwa mmoja na watoto wengi, wa kila umri, katika ukumbi mmoja. Aliyetangulia alimshika aliyefuata. Mkubwa aliyefika juzuu za mbele alimsikiliza mdogo, akamsahihisha, akamwonyesha namna ya kuandika kwenye ubao. Hakuna aliyeita jambo hilo kujitolea, ilikuwa sehemu ya kusoma. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake juu ya desturi za Waswahili kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, aliona maisha ya chuoni yanastahili kuandikwa sambamba na ya jandoni na unyagoni. Chuo kikuu kimerithi jina, mahafali na uhitimu. Kile cha mkubwa kumshika mdogo ndicho kilichopotea njiani, na ndicho wanachuo hawa wa Jumamosi wanachokirudisha bila kujua walikitoa wapi.

Tende ya pili ni ya jando na unyago, na hapa lazima nitembee kwa adabu.

Mara nyingi tunadhani shule na jando ni maadui, mmoja alikuja kumfukuza mwingine. Maneno hayasemi hivyo. Kiranja, yule mwanafunzi anayeandika majina ya wapiga kelele, ametoka jandoni: alikuwa mvulana wa kwanza kuingia kisuni, aliyewatangulia wenzake katika uchungu. Shule ilimhitaji mtoto wa kusimama mbele ya wenzake, ikamkuta yuko tayari, ikamchukua na jina lake. Kufunza, mafunzo, mwanafunzi na fundi zote zina shina la kufunda, na mwali anafundwa mpaka leo, hata kama kufundwa kwenyewe siku hizi ni kicheni pati yenye viti vya kukodi. Ikiwa kiranja aliweza kuvuka, kwa nini wengine wabaki ng'ambo?

Wengine hao ni nyakanga, kungwi na somo. Nyakanga ni mkuu mno, msimamizi wa shughuli nzima. Kungwi, mwenye kumfunda mwali, ni jina zuri lililoharibiwa na magazeti, maana mwanasiasa akipewa maneno ya kusema huambiwa ana kungwi wake. Juu ya hayo, mwanachuo wa kiume akijitambulisha mlangoni kuwa ni kungwi, sitaki kuwapo.

Somo ndilo ninalolipigia kura.

Tazama lilivyo. Somo langu ni kile ninachojifunza: hesabu, jiografia, kemia. Somo yangu ni mtu. Kiambishi kimoja tu cha umilikishi kinatenganisha kitu na binadamu, na Kiswahili kimefanya hivyo kwa utulivu bila kumsumbua mtu, kama kinavyosema rafiki yangu na shoga yangu. Somo yangu anaweza kuwa mtu tuliyepewa jina moja, basi yeye ananiita somo nami namwita somo. Anaweza kuwa msiri wangu. Anaweza kuwa yule mkubwa aliyenikalisha nilipovunja ungo akanieleza mambo ambayo mama anaona haya kuyasema. Wakatoliki wa bara wana somo pia, wengi wao kwa kusema somo wangu: mtakatifu ambaye mtu hubatizwa kwa jina lake, na sikukuu ya somo huadhimishwa. Parokia nayo ina somo wake. Neno moja linatembea msikitini, kanisani, unyagoni na darasani, na kote huko halijawahi kuwa na maana ya mtu wa kupita.

Hilo la kutopita ndilo kiini. Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha Marekani mwaka 2002 uchunguzi wao juu ya vijana waliounganishwa na watu wazima kupitia Big Brothers Big Sisters, shirika ambalo mwanzo wake ni New York ya 1904. Uhusiano uliodumu mwaka au zaidi ulileta manufaa mengi kuliko yote. Uliovunjika mapema, ndani ya miezi michache, uliwaacha vijana wakijithamini chini ya walivyokuwa kabla ya kuanza. Mtoto aliyekwisha kuachwa na watu akiachwa tena na mwenye fulana nzuri hujumlisha, na hesabu hiyo haihitaji msaada wa mwanachuo. Menta anaweza kuondoka Februari, na wala neno halitamsuta. Somo akiondoka Februari lugha yenyewe itauliza: somo gani huyu?

Faida nyingine iko upande wa mtoto. Kila jina tulilopitia linamwachia mtoto kiambishi cha kutendwa: mshauriwa, mnasihiwa, mlelewa. Anakaa pale kama gunia linalopakiwa. Walio masomo kwa jina au kwa siri wote wawili ni masomo, hakuna mtendaji na mtendwa. Na mwanachuo yeyote mkweli atakuambia kwamba baada ya miezi kadhaa alijua yeye ndiye aliyekuwa akisomeshwa, kwa maana zote mbili isipokuwa ile ya ada.

Najua pingamizi. La kwanza ni kwamba bara, kuanzia Dodoma hadi Nakuru, wengi wanalijua somo la ratiba tu. Hilo si tatizo. Watajifunza la pili kupitia la kwanza, na kiambishi kitawasaidia. La pili ni zito zaidi: harufu ya unyago. Somo wa unyagoni hufundisha mambo ya mwili, na mzazi akisikia kijana wa kiume ni somo wa binti yake wa miaka 13 atafunga mlango.

Afunge! Ni haki yake, na neno lililomwamsha limefanya kazi kuliko tangazo lolote la ulinzi wa mtoto. Katika desturi, somo hakujiteua. Familia ilimchagua, ilimjua kwao, ilijua mama yake ni nani, na msichana alipewa somo mwanamke. Menta anaingia kwa barua ya mkuu wa shule na kitambulisho cha chuo, mzazi akihabarishwa baadaye au asihabarishwe kabisa. Kama jina la somo litawalazimisha wanachuo kwenda nyumbani kwanza, kujitambulisha kwa mzazi, kukubaliwa au kukataliwa, na kuwapangia wasichana wanachuo wasichana, basi harufu hiyo ya unyago ni dawa. Nadhani waliotunga desturi zile walikuwa wamekwisha kuona kila hatari ambayo sisi tunaiandikia miongozo yenye kurasa mia.

Ombi langu kwa viongozi wa vikundi vya wanachuo wanaojiandaa kwa mwaka mpya ni dogo. Kwenye fomu zenu futeni menta, andikeni somo. Chini yake wekeni nafasi ya mzazi kutia saini kwamba amemwona na amemkubali, kisha tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, kati yake pasipungue mwaka mzima wa masomo. Asiyeweza mwaka asikataliwe, aje siku moja azungumze na darasa zima juu ya kombi na mikopo, aitwe mgeni, apigiwe makofi, aende zake. Na wewe msomaji wa Lamu, Kigoma, Bujumbura au Lubumbashi, ikiwa kwenu mkubwa anayemshika mdogo ana jina ambalo sikulitaja hapa, usilitunze barazani tu. Liandike mahali, kwa sababu watunga kamusi huchukua ushahidi wao kwenye maandishi.